Uwazi ubaki, chelezo kirudi: uzoefu wangu na The Legend of Zelda

Katika Breath of the Wild, mchezo wa video wa mwaka 2017 katika mfululizo wa The Legend of Zelda, kuna kisiwa kiitwacho Eventide, kusini-mashariki mwa nchi ya Hyrule, ambacho nilikifikia baada ya saa nyingi za kucheza, nikiwa na panga kali, ngao tatu na mfuko uliojaa vyakula nilivyovipika kwa uangalifu. Nilipokanyaga mchanga wake nilinyang'anywa kila kitu. Link, shujaa ninayemwongoza, alibaki na nguo ya ndani tu, nami nikaarifiwa kwamba mali yangu ningerudishiwa nitakapoyaweka matufe matatu mahali pake. Nikaokota matawi ya miti, nikachoma uyoga, nikajibanza nyuma ya mawe kuwasubiri maadui wasinzie. Katika saa zaidi ya 160 nilizoutumia mchezo huo, hakuna jioni niliyoifurahia kuliko hiyo, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini raha yangu kubwa kabisa katika ulimwengu uliojengwa juu ya uhuru ilikuja siku niliyonyimwa uhuru.

Naliandika hili kwa sababu wapenzi wa The Legend of Zelda wanabishana kama mfululizo huu uendelee kuwa na ulimwengu wazi au urudi kwenye njia ya zamani, ambapo mchezaji aliongozwa kutoka hekalu moja hadi jingine. Mtayarishaji wake, Eiji Aonuma, amekwisha kusema hadharani kwamba muundo wa Breath of the Wild ndio msingi mpya wa kuendelea nao, na kwa kuwa mwendelezo wake, Tears of the Kingdom, uliuza zaidi ya nakala milioni 10 katika siku 3 za kwanza mwezi Mei 2023, sioni sababu ya kibiashara ya kurudi nyuma. Mimi pia nataka uwazi ubaki. Ninachokitaka kirudi ni kitu kingine: mlango uliofungwa unaokungoja upate kifaa cha kuufungua.

Niseme kwanza kwa nini nautetea uwazi huu. Hyrule ya 2017 haikupanuliwa tu, bali ilipewa kanuni zake za asili, na mchezaji anaweza kuzitegemea kama anavyotegemea kanuni za dunia hii. Ukiwasha nyasi, hewa ya moto hupanda, na ukilifungua tanga lako la kurukia angani juu yake unapaa. Ukibeba upanga wa chuma wakati wa radi, radi inakutafuta wewe. Mvua ikinyesha, jabali linateleza na safari ya kupanda inasimama. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka tisa hukaa kando yangu ninapocheza, nami humtafsiria maandishi kwa sauti kwa kuwa mchezo hauna Kiswahili. Lakini sehemu kubwa ya muda hahitaji tafsiri yoyote. Huona moshi nyuma ya kilima akasema, “Mjomba, twende kule,” nasi tunaenda, na karibu kila mara kuna jambo.

Kasoro yake ni kwamba ukishamaliza vihekalu vinne vya kwanza kwenye Great Plateau, uwanda wa kuanzia mchezo, uwezo wote mkuu umekwisha kupewa. Kuanzia hapo unaongeza mioyo, stamina na mavazi, lakini ni mara chache mno unapata kifaa kinachokufanya ukumbuke mlango uliokushinda juzi na kuukimbilia. Vihekalu 120 vina mafumbo mazuri, ila kuta zake zinafanana kiasi kwamba leo siwezi kukumbuka kwa yakini kipi kilikuwa jangwani na kipi kwenye theluji.

Hekalu la Msitu katika Ocarina of Time, mchezo wa mwaka 1998, nalikumbuka chumba kwa chumba. Huwezi hata kuufikia mlango wake mpaka uwe na ndoano ya mnyororo, ambayo huipati mpaka ushindane mbio na mzuka wa mchimba makaburi katika kijiji cha Kakariko. Ndani kuna mizuka minne ya kike iliyoiba ndimi nne za moto, na kuna korido iliyojisokota kama kamba, ambayo huinyoosha kwa mshale. Nao upinde unaupata humo humo. Jengo lile lilikuwa linanifundisha, kisha linanitahini kwa nilichofundishwa.

Wengi hudhani kwamba mambo haya mawili, uwazi na mlango uliofungwa, hayakai pamoja. Mchezo wa kwanza kabisa wa mfululizo, wa mwaka 1986, unalikanusha hilo. Unaanza uwanjani bila maelekezo na unaweza kwenda karibu kokote, hata kuyaingia baadhi ya mapango nje ya mpangilio. Lakini kuna gati kando ya maji lisilo na chombo, na pango la nne liko ng'ambo. Bila chelezo kilichofichwa katika pango la tatu, unasimama pale, unatazama, unarudi. Gati hilo halimwondolei mchezaji uhuru; linampa sababu ya kuutumia.

Tears of the Kingdom ilinionyesha pia uwazi unavyoiumiza hadithi. Machozi ya joka, yanayosimulia yaliyompata Binti Mfalme Zelda, yanaweza kutazamwa kwa mpangilio wowote, nami kwa bahati mbaya niliangukia mapema lile lililofichua jambo kubwa kuliko yote. Saa nyingi baadaye watu wa Hyrule walikuwa bado wananituma kumtafuta binti huyo kana kwamba sijui lolote. Vilevile, kwa kuwa waandishi hawakuweza kujua utaanza na hekalu lipi kati ya manne ya mwanzo, kila moja linaishia kwa mhenga wa kale kukusimulia vita ile ile kwa maneno yanayokaribia kuwa yale yale. Mara ya nne nilihuzunika kweli, kwa sababu safari ya kulifikia Hekalu la Upepo, kuruka kutoka jahazi moja linaloelea hadi jingine ndani ya dhoruba, ni kati ya mambo mazuri niliyowahi kuyaona katika mchezo wowote, na ni safari yenye njia moja tu ya kupanda.

Echoes of Wisdom ya Septemba 2024 imenipa matumaini zaidi. Humo Zelda mwenyewe ndiye anayetembea, na ulimwengu unamfungukia kwa mafungu: kwanza achague kati ya jangwa la Gerudo na maji ya Jabul, kisha hadithi imkusanye, kisha apewe tena uchaguzi mwingine. Ningependa kuuona mpangilio huo katika Hyrule kubwa ijayo, pamoja na mahekalu marefu yenye kifaa chake kila moja.

Mpwa wangu sasa anaucheza ule wa 1986. Juzi alilifikia gati, akazunguka ufuo wote, akaniuliza pale panavukwaje. Sijamwambia, na kila akirudi kutoka shule anaanzia hapo.