Mguu mmoja Nairobi, mguu mmoja Kakamega: tathmini ya M-Pesa

Kwa zaidi ya miaka 12 nimekuwa nikimtumia mama pesa kwa M-Pesa, yeye akiwa Kakamega nami nikifanya kazi Nairobi, na hapa ninaipima huduma hiyo kwa kazi ile iliyonadiwa kwayo Safaricom ilipoizindua Machi 2007: kupeleka pesa nyumbani.

Kabla ya hapo, aliyekuwa na ndugu mjini alisubiri bahasha iliyokabidhiwa dereva wa basi au jirani anayerudi kijijini, na mtoto akiugua katikati ya mwezi, bahasha ya mwisho wa mwezi haikumfaa kitu. Hapo ndipo ninapoiona thamani kubwa ya M-Pesa, katika pesa ya dharura kuliko hata ile ya kila mwezi. Mwaka mmoja mvua za Machi zilikatika mapema, mahindi ya mama yakanyauka yangali machanga. Pesa ya mbegu za kupanda upya ilimfikia siku ileile aliyonipigia simu, kwa hiyo hakulazimika kumuuza ng'ombe wa maziwa, ambaye ndiye tegemeo la sabuni, sukari na karo ya mdogo wangu. Wanauchumi William Jack na Tavneet Suri, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, waliliona jambo hilo kwa upana zaidi: kaya za Kenya zisizotumia M-Pesa zilipopatwa na janga, matumizi yao ya nyumbani yalishuka kwa takriban asilimia 7, ilhali ya kaya zinazoitumia hayakushuka.

Kinachoniuma ni ada. Anayetuma hulipa, na anayepokea hulipa tena anapotoa kwa wakala, ndiyo maana kwetu ombi la pesa halikamiliki bila "uongeze na ya kutoa". Serikali nayo ilipandisha ushuru wa huduma hizi kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023. Kiasi kisichozidi shilingi 100 hutumwa bure, lakini shilingi 100 hainunui mbolea.

Kwa anayehudumia shamba kutoka mjini, ninashauri atume kwa mkupuo, tena mapema, kwa kuwa shule zinapofunguliwa mawakala wa vijijini huishiwa pesa taslimu kabla ya adhuhuri. Mama siku hizi hulipia mbolea papo hapo dukani kwa Lipa na M-Pesa, ambako mnunuzi hatozwi ada, na ile "ya kutoa" huiweka akiba ya dawa ya kuogeshea ng'ombe.