Seti ya mota ya wati 1000 kwenye gari la kuchezea la mtoto: uzoefu wangu wa miezi mitano

Mwanangu alipofikisha miaka 11, lile jeep lake la betri lilikuwa limekaa stoo mwaka wa tatu. Miguu haiingii tena, betri imekufa, na matairi yake ni plastiki tupu inayoteleza hata sakafuni. Nilishakubaliana na mama yake kwamba tuligawe. Siku ya kulitoa, mtoto akaniuliza: "Baba, haliwezi kukimbia kama gari la kweli?" Nikalirudisha ndani.

Jaribio la kwanza sikununua chochote zaidi ya betri. Magari mengi ya aina hii yanatumia volti 12 na mota mbili ndogo, moja kwa kila gurudumu la nyuma, zinazozungusha giya za plastiki. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea. Nikaunganisha betri mbili mfululizo, zikawa volti 24. Lilikimbia kweli, siku nne. Siku ya tano mota ikawa inalia lakini gurudumu limesimama. Nilipofungua boksi la giya nilikuta unga mweupe wa plastiki umechanganyika na grisi, na giya ya pili imenyolewa meno upande mzima. Kwa hiyo anayekushauri uongeze volti na kuacha giya zilezile, usimsikilize. Utaharibu betri, mota na furaha ya mtoto kwa pamoja.

Ndipo nikaagiza seti ninayoizungumzia hapa, kwa muuzaji wa mtandaoni: mota ya brashi ya volti 36, wati 1000, inayozunguka mara 3000 hivi kwa dakika; kontrola, yaani kisanduku kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota; ekseleta; mikono miwili ya breki yenye swichi za kukata umeme; swichi ya funguo; cheni, sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) na chaja. Hadi kunifikia Dar es Salaam nililipa shilingi 430,000. Kulikuwa na seti ya volti 48 kwa tofauti ndogo ya bei, nikaiacha makusudi. Marekani kuna mashindano ya watu wazima wanaoendesha magari ya watoto yaliyobadilishwa, yanaitwa Power Racing Series, yalianzia kwa mafundi wa Chicago. Sheria zao zilibana bajeti kwenye dola 500 na nguvu kwenye wati 1440, ambazo unazipata ukizidisha volti 36 kwa fyuzi ya ampea 40. Nilipenda wazo la kupima nguvu kwa fyuzi. Kama fyuzi ya ampea 40 inawatosha watu wazima wanaoshindana, mtoto wa miaka 11 hahitaji zaidi.

Mota ni nzuri, naisifu bila kusita. Nimeiendesha kwenye jua la saa nane mchana nikiwa mimi mwenyewe juu yake, kilo 78, na ilipata joto la kawaida tu. Malalamiko yangu yako kwenye vilivyoizunguka. Boksi halikuwa na karatasi inayoonyesha waya upi unakwenda wapi. Kontrola ina soketi nyingi za rangi zinazofanana, na nilipomwandikia muuzaji alinitumia picha ya kontrola nyingine kabisa. Ilibidi nipime waya mmoja mmoja kwa mita, jioni mbili. Ekseleta iliyokuja ni ya kuzungusha kwa mkono kama ya pikipiki, kwa hiyo ya kukanyaga kwa mguu nikanunua pembeni. Na kile kibati cha kufungia mota ni chembamba mno.

Hilo la kibati aliliona fundi wangu wa kuchomelea pale eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kabla hata sijalisema. Alikibonyeza kwa vidole viwili akaniambia, "Kaka, hiki kikivutwa na cheni kitakunja shingo." Akakata bamba la milimita 5, akalitoboa matundu marefu ili mota isogezwe mbele na nyuma wakati wa kukaza cheni. Yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu bodi pia. Plastiki ya gari la kuchezea haibebi kitu. Alitengeneza fremu ya mabomba ya mraba chini, na lile jeep likavalishwa juu kama shati. Nyuma kuna shafti moja yenye beringi mbili, matairi ya upepo ya inchi 10, na mbele usukani wenye vichwa vya tairodi (viungo vya kati ya usukani na tairi) vya chuma, maana kile kijiti cha awali kilipinda nilipokishika tu. Fremu, shafti na ufundi vilinigharimu shilingi 310,000. Ukipanga bajeti, hesabu kwamba seti ni nusu ya safari.

Sproketi ya mota ina meno 11, ya shafti meno 65. Kwa hesabu ya tairi la inchi 10 unapata kilomita 24 kwa saa. Simu yangu ilisoma 22. Namba hiyo ni ndogo ukiisoma, lakini ukikaa sentimita 15 kutoka ardhini, mchanga unakupita masikioni.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Wiki ya tatu nilikuwa nalijaribu peke yangu kwenye uwanja wa mpira. Nikainua mguu kwenye ekseleta, gari halikupungua mwendo. Nikakanyaga breki, mota ikakata. Nikaachia, likaondoka tena kwa nguvu zote, mguu wangu ukiwa hewani. Nilipiga swichi nyekundu ya dharura, ndipo likanyamaza. Moyo ulinidunda mpaka nikakaa chini kwenye nyasi.

Nilipofungua nikakuta waya mweusi wa ekseleta umekatika pale ulipochomelewa. Ekseleta hizi zina waya tatu: volti 5, hasi, na waya wa ishara. Hasi ikikatika, ishara inaweza kupanda hadi juu, na kontrola ya bei rahisi isiyo na kinga inaelewa kwamba umekanyaga hadi mwisho. Mtoto angefanya nini pale? Nimefikiria swali hilo usiku mwingi. Swichi ya dharura haikuwa kwenye seti, wala breki yenyewe. Ile mikono miwili inakata umeme tu, haishiki gurudumu. Mimi niliweka diski ya baiskeli ya milimita 160 kwenye shafti, nikaifunga kwa pedali, na pedali hiyohiyo inagusa swichi ya kukata mota. Bila vitu hivyo viwili nisingekuwa naandika kwa utulivu huu. Baada ya tukio lile nilichomelea waya upya, nikauvalisha mpira, nikaufunga kwenye fremu usicheze, na nikavuta kamba kutoka swichi ya dharura hadi kwenye mkono wa dereva. Akidondoka, umeme unakatika.

Betri ni tatu za volti 12, ampea-saa 12, za risasi na asidi. Ni nzito na zinanipa dakika 20 hivi za kukimbia, kisha zinalala kwenye chaja usiku kucha. Lithiamu ingekuwa nyepesi zaidi, ila bila saketi nzuri ya kuilinda betri siwezi kuiweka chini ya kiti cha mwanangu. Fyuzi ninaifunga karibu kabisa na betri, kwa sababu waya uliopo kabla ya fyuzi haulindwi na chochote.

Kama una fundi unayemwamini na uko tayari kununua breki kabla ya kuwaza mwendo, seti hii naipendekeza. Kama unatarajia kufungua boksi na kumpandisha mtoto jioni hiyohiyo, usiinunue, kaka, dada, nakuomba.

Kwetu sasa Jumamosi ndiyo siku yake. Anavaa helmeti, analala chali, anabonyeza cheni kwa kidole kama alivyofundishwa na fundi, kisha ananisomea volti kwenye mita. Juzi nilikuwa na haraka nikamwambia apande tu. Akakataa, akanionyesha nati moja ya beringi iliyokuwa imelegea mzunguko mmoja, na akaniletea spana namba 13.