Mafuta ya Vali za Tarumbeta: Yapi Yafaa Kununuliwa Mombasa

Tarumbeta nyingi zinazopigwa Mombasa, katika beni za harusi, makanisani na mashuleni, zilikwisha kutumika kwingine kabla ya kuwafikia wapulizaji wa sasa. Hilo ni jambo la kuzingatiwa dukani, kwa kuwa pistoni, yaani kile kipande cha ndani ya vali kinachopanda na kushuka, ikilika huacha mwanya kati yake na ukuta wa kasha lake, na mwanya huo huzibwa na mafuta peke yake. Kwa hiyo pima kwanza: vuta taratibu kijibomba kinachochomoka cha vali ya kwanza, ile iliyo karibu zaidi na mdomo wa mpulizaji, bila kuibonyeza vali yenyewe, subiri kidogo, kisha ubonyeze. Mlio mkali wa kupasuka ni dalili kwamba pistoni bado inabana. Kimya ni dalili ya uchakavu.

Nafasi ya kwanza nayapa mafuta ya sinthetiki, yaani yaliyoundwa kiwandani kwa kemikali. Hayakauki upesi kwa joto, na utando wake huikinga shaba dhidi ya unyevu na chumvi ya bahari hata chombo kikilala mkobani tangu harusi moja hadi nyingine. Yamaha hutengeneza aina tatu katika chupa za mililita 60: Light kwa pistoni mpya zinazobana, Regular kwa zilizotumika kiasi, na Vintage, iliyo nzito zaidi, kwa zilizolika. Mwenye tarumbeta ya mtumba iliyokaa kimya katika kipimo kile achukue Vintage bila kusita.

Ya pili ni mafuta mepesi ya petroliamu, kama Al Cass au Blue Juice. Pistoni huenda kwa wepesi wa kupendeza, lakini mafuta haya hukauka mapema, hivyo yanamfaa anayepiga kila siku na asiyeona uzito wa kutia matone kila siku.

Mafuta ya cherehani nayaweka nyuma sana, kwa sababu hayakukusudiwa mwanya mwembamba kama huu, na vali huchelewa kurudi. Mafuta ya taa hukauka haraka, na mpulizaji huvuta harufu yake. Ya nazi, ambayo pwani hayakosekani, yasitumiwe kabisa: huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, nayo huchacha na kunata.

Anayebadili aina ya mafuta aoshe kwanza yale ya zamani, kwani yakichanganyika yanaweza kuwa utando mzito. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo yanatosha. Ya moto hubabua rangi ya kinga, na vipande vya felti, kile kitambaa kinene cha kushindiliwa, vilivyo juu ya pistoni visiloweshwe. Kasha lisuguliwe ndani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kila pistoni irudi katika kasha la nambari yake, na vijibomba vipakwe grisi yao, ambayo hununuliwa peke yake, kando na mafuta.