Parakodi, uzi wa lami na Dyneema: nimezibeba zote tatu, hii ndo tathmini yangu

Kapochi kangu ka kila siku kanaingia mfuko wa suruali, ndani kuna kisu cha kukunja, tochi ndogo, filimbi, kiberiti cha gesi na kamba. Watu wengi wanahangaika wiki nzima kuchagua kisu afu kamba wanachukua yoyote tu, na mi nilikuwa hivohivo mpaka usiku mmoja tuko kempingi mvua inanyesha, turubai likawa linashuka taratibu linajaa maji juu ya vichwa vyetu, tukaamka mara tatu kukaza kamba.

Turubai halikuwa na shida, shida ilikuwa kamba tuliyolifungia, parakodi. Parakodi ni kamba nyembamba ya nailoni, na nailoni ikilowa inalegea, tena hata ikiwa kavu inavutika sana, ukiielemea kwelikweli inaweza kurefuka karibu theluthi moja kabla ya kukatika. Na hiyo sio kasoro, ilitengenezwa kwa ajili ya miavuli ya wanajeshi wanaoruka toka kwenye ndege, mwavuli ukifunguka ghafla kamba inatakiwa ivutike ili imeze ule mshtuko. Kwa kufungia turubai ndo inakera.

Pamoja na hayo naipenda. Ile namba 550 inayoandikwa kwenye parakodi ni pauni inazobeba kabla ya kukatika, kama kilo 250 hivi, na uzuri wake mkubwa uko ndani: ukivua lile ganda la nje unakuta nyuzi 7 au zaidi, na kila uzi ukiutazama vizuri umesokotwa kwa nyuzi ndogo mbili au tatu. Huo wa ndani unashonea begi lililochanika, unavulia samaki, ganda lenyewe linakuwa kamba ya kiatu. Ila jamani kata ncha uangalie kabla hujaiamini! Mi niliwahi kuuziwa bunda zima la kamba limeandikwa 550, kufika nyumbani nikalikata, ndani kuna manyoyamanyoya tu kama pamba, hakuna uzi wa kuhesabu. Nikavuta kwa mikono miwili ganda likaachia.

Na tafadhali kilo 250 isikudanganye ukaning'inia nayo. Hiyo ni kamba mpya, imevutwa taratibu, haina fundo. Fundo peke yake linaweza kula karibu nusu ya nguvu, na mtu akidondoka hata kidogo ule mshtuko unazidi uzito wake mara kadhaa. Kwa kupanda au kushuka mwamba kuna kamba zake, parakodi sio.

Sasa uzi wa lami, ule wa nailoni wa wavuvi, mweusi, uliosokotwa. Huu ndo umenibadilisha kabisa. Mi natumia ule wa namba 36, unene kama milimita 2, unabeba kama kilo 150, na mita 30 zake zina uzito kama nusu ya mita 30 za parakodi, kwa hiyo kwenye kapochi kalekale naweka urefu mara mbili na nafasi inabaki. Ile lami inafanya fundo ling'ate, ukifunga limefunga, na jua haliuli uzi haraka. Ubaya wake unanuka, siku za kwanza unachafua vidole, na fundo likishakazwa usihangaike kulifungua, kata tu. Ndo maana nabeba kisu kikali.

Dyneema, kamba nyembamba ya nyuzi za plastiki ngumu sana, nayo nimeibeba miezi kama minne hivi. Nguvu ya ajabu kwa wembamba wake, haivutiki, inaelea kwenye maji, ila inateleza mno, mafundo niliyozoea yalikuwa yanajifungua yenyewe, afu haipendi joto kabisa, ikifika nyuzi joto 150 za Selsiasi hivi imeshayeyuka, kwa hiyo sufuria juu ya moto usiitundike nayo. Kwa mtu anayejua mafundo yake ni nzuri sana, kwa anayeanza hapana.

Bangili za parakodi sijaziweka kwenye hesabu. Ukiifumua unapata mita 3 hivi za kamba iliyojikunjakunja, na kuifuma tena ni kazi ya jioni nzima.

Tochi chukua inayotumia betri moja ya saizi ya kawaida, weka ya lithiamu maana haivuji hovyo na inakaa miaka. Filimbi isiwe na kigololo ndani, kikilowa kinaganda.

Nyota zangu: uzi wa lami 5, parakodi halisi 4, Dyneema 3. Saa hizi natembea na mita 20 za uzi wa lami nimezizungusha kwenye kipande cha plastiki na mita 5 za parakodi ya rangi ya chungwa. Rangi ya chungwa ni kwa sababu ya usiku, uzi mweusi wa kufungia hema hauonekani kabisa gizani na mdogo wangu ameshaanguka nao akachubuka goti, kwa hiyo kamba yoyote inayokaa usawa wa miguu lazima iwe ile inayowaka ukimulika.