Maziwa freshi ya vibandani Moshi: mazuri, ila si ya kichanga

Kwa chai, kwa uji wa mama aliyejifungua na kwa mtoto aliyetimiza mwaka, maziwa freshi yanayopimwa kwa lita vibandani Moshi tunayapa nyota nne.

Ya tano imepotelea kwenye vyombo. Anayebeba maziwa kwenye dumu la mdomo mwembamba mpite: mkono hauingii kusugua, utando hubaki ndani, na maziwa hukatika jikoni hata kama yamekamuliwa leo. Tafuta kibanda chenye keni ya chuma na laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa kinachoelea. Ikisoma kati ya 28 na 32, sawa. Chini ya hapo, yametiwa maji. (Mjanja hurudishia uzito kwa sukari, kwa hiyo yaonje pia.) Mtindi ukigoma kuganda, shuku dawa aliyochomwa ng'ombe.

Tunachopinga ni ule ushauri wa kaunta: "Mpe mtoto, tia tu maji nusu kwa nusu." Mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina protini gramu 3.3 hivi, ya mama gramu 1 hivi. Ndama huzidisha uzito wake wa kuzaliwa mara mbili ndani ya miezi miwili. Binadamu huchukua minne hadi sita. Ukitia maji nusu, protini hubaki 1.6, bado imezidi, huku nguvu ikishuka kutoka kilokalori 65 hadi kama 32. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo kwa mama ni gramu 7, huwa 2.4 tu. Mtoto anashiba maji. Usipotia maji, protini na chumvi huelemea figo, na utumbo mchanga unaweza kuvuja damu isiyoonekana kwa macho. Madini ya chuma ni haba kote kuwili, ila ya mama hufyonzwa vizuri zaidi. Kinga ya mama, hiyo haipimwi kwa lita.

Chini ya miezi sita, basi, ni ya mama peke yake. Anayerudi kazini akamue: hukaa saa nne nje ya friji kwenye nyuzi 25, na joto la Moshi la Februari hupunguza hata hizo. Yakishindikana kabisa, kliniki ndiyo ya kuulizwa, si muuza maziwa.

Wa mwaka mmoja na zaidi, mpe kwa kikombe, yasizidi nusu lita kwa siku, maana tumbo lililojaa maziwa hukataa maharage na maini, na damu hupungua. Yachemshe kwanza mpaka yapande: vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, laktomita haivioni.