Waini za Australia zilizoanzishwa na Wafaransa: kagua chupa kwanza, jina baadaye

Jamani inboksi imejaa malalamiko ya rozee, ile waini ya pinki. Dada mmoja wa hapa Melbourne kafungua chupa ya hela nyingi mbele ya wakwe zake ikanuka kabichi la kuchemsha, alivyorudi dukani akaambiwa eti ndo ladha ya Kifaransa hiyo. Siyo kweli! Hiyo waini imeharibiwa na mwanga. Chupa isiyo na rangi inapitisha mwanga, vitamini B2 iliyomo ndani inaupokea na kuvuruga kila kitu mpaka inatoka harufu ya salfa, na hairekebishiki tena. Louis Roederer, watengeneza shampeni wa Ufaransa, wanalijua hili, shampeni yao ya Cristal ina chupa angavu ndo maana wanaifunga karatasi ya kuzuia mwanga.

Kwa hiyo tuzo na pointi mtasoma kwingine, mimi naanza na chupa.

Namba moja ni waini za Mfaransa Dominique Portet, Coldstream, bonde la Yarra, na hapa hamnitoi. Baba yake alikuwa msimamizi wa shamba la waini la Château Lafite kule Bordeaux, Ufaransa, yeye akaja Australia kuongoza kampuni ya waini ya Taltarni kuanzia 1976, halafu 2000 akaanzisha ya kwake. Chukueni Cabernet Sauvignon yake, waini nyekundu, chupa ya rangi nzito, haina ule uzito wa kukuchosha glasi ya kwanza, inakausha ulimi taratibu na ukiwa na mbuzi wa kuchoma utanishukuru. Rozee yake pia naipenda ila isiwe ya kwenye rafu yenye mwanga.

Ya pili Jansz ya Tasmania, ilianza 1986 kwa ubia na haohao Roederer, mapovu yanazaliwa ndani ya chupa kama kule Champagne. Ya tatu Chandon, nayo ya Coldstream, watengeneza shampeni Moët & Chandon waliianzisha 1986, nzuri na haisumbui kupatikana.

Za bei chee: nunua ya chupa nyeusi, basi.

Kinachoniuma ni hawa wauzaji. Wanapanga rozee dirishani ipendeze, friji taa zinawaka usiku kucha, bei iko palepale, na ukirudisha wanakufanya mshamba wa waini! Sheria ya walaji ya Australia inakulinda ukiuziwa bidhaa mbovu, beba chupa na risiti, omba meneja. Na siku ya kununua usikubali ile ya mbele, mwambie akatoe kwenye boksi ambalo halijafunguliwa, akinuna mwache anune.