Kijana anajidhuru, umpeleke wapi Dodoma? Tumepima huduma zilizopo

Huduma nyingi za vijana hapa Dodoma zinajua kufunga kidonda. Zinazojua kuuliza kilichokileta ni chache, na hapo ndipo tulipoweka mizani. Tathmini hii ni ya mzazi, mlezi au matroni mwenye kijana wa miaka 12 hadi 18 anayejiumiza mwili kwa makusudi. Majina ya shule na zahanati tumeyaacha, kwa sababu huduma hubadilika kufuatana na mhudumu aliye zamu kuliko bango la getini.

Kwanza kipimo chenyewe. Kijana anayejidhuru mara nyingi hataki kufa, anataka kilicho ndani kipungue. Hasira, aibu au hofu inapanda mpaka haibebeki, maumivu ya mwili yanaikata kwa dakika chache, na ubongo unakariri nafuu hiyo. Siku nyingine presha hiyo ya hisia ikipanda, unaikumbuka njia ileile. Baadaye inakuja aibu ya makovu, nayo inazaa presha mpya. Wengine hali yao ni kinyume kabisa: wamekufa ganzi, hawahisi furaha wala huzuni, na maumivu yanawarudishia walau kitu. Wapo wanaojiadhibu, hasa walioambiwa kwa miaka kwamba ni mzigo, au waliofanyiwa ukatili wa kingono wakaamini kosa ni lao. Wapo pia waliojaribu kusema hawakusikilizwa. Kijana mmoja anaweza kubeba sababu mbili au tatu kwa pamoja. Mara nyingi huanza kwenye miaka 12 hadi 14, wakati hisia zimeshapata nguvu za mtu mzima ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, yenye kazi ya kushika breki, haitakomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu.

Kwa hiyo ukiona mhudumu anasema "huyu anatafuta kiki", mpunguzie alama hapohapo. Mtafuta kiki havai sweta la shule saa nane mchana mwezi wa Novemba, kwa joto la Dodoma, mikono ameivuta hadi vidoleni. Wengi wao huficha, na huficha vizuri.

Tuanze na shule, maana huko ndiko makovu huonekana kwanza. Ofisi ya unasihi ipo karibu kila sekondari, lakini mara nyingi mwalimu wa unasihi ndiye huyohuyo wa nidhamu, na mwanafunzi hawezi kumfungukia asubuhi mtu atakayemchapa mchana. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Kwa jambo hili hata kimoja ni kingi: anayejiadhibu umemthibitishia kwamba anastahili adhabu. Kosa la pili, na ni la mabweni hasa, ni ukaguzi wa hadharani, wasichana wamepanga mstari wanakunja mikono ya mashati. Tabia hii huambukizana kati ya marafiki, na tangazo la paredi huisambaza kuliko kuizuia. Shule inayofanya vizuri ina mtu mmoja tu mwenye taarifa, mlango unaofungwa, na simu kwa mzazi ambayo kijana ameambiwa mapema itapigwa na itasema nini. Kumwahidi siri kamili ni kumdanganya, kwa sababu hatari ikiwepo lazima wengine wajue. Alama yetu kwa shule kwa ujumla ni mbili kati ya tano.

Kituo cha afya kina faida ya ukaribu, na muuguzi mzuri pale anaweza kufanya kazi kubwa kwa dakika ishirini. Mkague hivi. Je, alimtoa mzazi nje kwa muda? Mama akikaa pembeni, atajibu yeye. Je, alishona kidonda kwa ganzi na kauli nzuri kama angemfanyia mtu aliyeanguka na bodaboda, au alimshona kwa masimango "ili akome"? Je, aliuliza kabla ya kuandika? Mkoani kwetu kovu si lazima liwe la kujidhuru: kuna chale za mganga, na kuna alama ya zamani ya Wagogo kwenye paji la uso. Chale alichanjwa na mtu mwingine na nyumbani wanajua. Swali moja la upole linatosha kutofautisha.

Swali linalorukwa zaidi ni hili: "Kuna wakati unatamani kufa?" Wahudumu wanaogopa kwamba wakiuliza watampandikizia wazo. Halipandikizwi kwa kuulizwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mtaalamu wa akili unataka liulizwe waziwazi, na vijana wengi huonekana kama wametuliwa mzigo. Lazima liulizwe kwa sababu anayejidhuru bila nia ya kufa leo bado yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake siku za mbele.

Halafu kuna hofu ya polisi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia nyingi zinaficha majeraha kwa kuogopa PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Kujidhuru bila nia ya kufa si jaribio la kujiua, na mhudumu anayejua kazi anaandika alichoelezwa na kijana bila kuongeza neno. Kituo kizuri hutibu kwanza, karatasi baadaye. Kijana akisema kuna mtu anamfanyia ukatili, hapo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii wanahitajika kwelikweli.

Kliniki ya afya ya akili tumeipa alama ya juu, nne kati ya tano pale inapofuata utaratibu. Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo mjini tangu 1927. Shida ni jina. Nchi nzima linatumika kama tusi, na kijana akiambiwa "kesho tunaenda Mirembe" anasikia kwamba ameitwa chizi. Mwambie unampeleka kwa mtu wa kuzungumza naye, umtajie mahali penyewe, wala usimdanganye kwamba mnaenda sokoni.

Kikao cha kwanza kizuri huchukua dakika 45 hadi 60: kama robo saa na mzazi, nusu saa na kijana peke yake, kisha wote pamoja. Mtaalamu anarudi kwenye tukio la mwisho hatua kwa hatua: nini kilitokea, ukawaza nini, mwili ulihisije, baada ya hapo ukajisikiaje. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha sababu ni ipi kati ya zile tulizotaja, na dawa ya kila moja ni tofauti. Aliyefurikwa na hisia hufundishwa kuzishusha: maji baridi usoni, kutembea haraka, kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa sita. Anayejiadhibu hatasaidiwa na pumzi peke yake, anahitaji kazi ndefu juu ya anavyojiona.

Mtoke na karatasi ya mpango wa usalama. Muundo unaotumika sana ni wa Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani, wenye hatua sita: dalili za hatari kwangu, ninachoweza kufanya mwenyewe, watu au mahali pa kunibadilishia mawazo, wa kumwomba msaada, namba za wataalamu, na namna nyumba itakavyokuwa salama. Hiyo ya mwisho ni kazi ya mzazi: dawa za hospitali na za shambani zifungiwe kabatini na ufunguo akae nao yeye, hasa kwa wenye mashamba ya zabibu ambako dawa za kunyunyizia hukaa ndani. Ukipewa badala yake "mkataba" ambao mtoto anasaini kwamba hatarudia, hiyo ni kinga ya mhudumu. Akirudia, atakuficha.

Kuhusu vidonge: hakuna kidonge cha kuzuia kujidhuru. Kama kuna sonona nzito, kwa umri wa miaka 12 na kuendelea daktari anaweza kuanzisha fluoxetine, kwa kawaida miligramu 10, na wiki za kwanza zinataka uangalizi wa karibu kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kupanda. Amitriptyline, ambayo huandikwa kirahisi kwa sababu haikosekani stoo, haifai kwa sonona ya umri huu. Uliza jina la dawa kabla ya kuondoka dirishani.

Alama iliyopotea ni ya ufuatiliaji. Miezi miwili ya kwanza inahitaji mawasiliano kila wiki. Kwa familia ya Mpwapwa au Kondoa, hiyo ni nauli ya watu wawili na siku nzima ya kazi, ndiyo maana wengi huja mara mbili wakapotea. Kliniki inayokubali kupiga simu katikati ya miadi inawashika wengi zaidi.

Maombi hatuyapimi. Yaendelee, mradi asifungishwe chakula, asipigwe kutolewa mapepo, na miadi isiachwe.

Simu 116 ni ya bure, kwa mtoto mwenyewe au mtu mzima anayemhofia. Haitibu. Inasikiliza na kuunganisha na ustawi wa jamii, na kwa kijana asiyeweza kumwambia mtu nyumbani ni mlango mwepesi kuliko yote. Nne kati ya tano.

Usisubiri miadi iwapo kidonda kimeingia ndani au damu haikatiki, amemeza chochote hata kama anaonekana mzima, anasema anataka kufa, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, usiku uleule, na asiachwe peke yake njiani wala kwenye foleni.